Kufunga toubaa (chuma cha nyuma cha kukokotea) kwenye Canter ya nyumba ili ikokote Vitz, inawezekana huku kwetu?

Baba Nasra
Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba msaada wa mafundi na wenye uzoefu. Nina Canter nimeijengea nyumba nyuma, vitanda, jiko la gesi, choo kidogo na tangi la maji la lita 200, skuli zikifungwa tunatoka na watoto na bi mkubwa tunakwenda kukaa Makunduchi au Matemwe. Raha yake sikwambieni. Tabu inaanza tukishaegesha, mama akitaka kupelekwa dispensari au mtu akitaka mkate tu inabidi ushushe turubai, ufunge vyombo, uzime gesi, uondoe gari zima. Sasa nataka kufunga toubaa nyuma nikokote Vitz ya mke wangu, otomatiki, magurudumu yote manne yakiwa chini. Gereji moja wananambia kazi ya nusu siku, nyengine wananambia kitu hicho hakiwezekani kabisa. Nani mkweli? Nnataka kuvuka nayo Pemba kisha bara mpaka Tanga.

Shangani Kwetu
Wa alaykum salaam. Yakhe, Unguja yenyewe toka Nungwi mpaka Makunduchi, kwa mstari ulionyooka, haifiki kilomita 90, weye unataka gari ikokote gari! Si mke aendeshe Vitz yake nyuma yenu khalas?

Baba Nasra
Shangani, Unguja sawa anaweza. Bara je? Aendeshe peke yake na mtoto mchanga mpaka Tanga, na mafuta ya gari mbili? Hapo ndo nilipoanzia.

Fundi Kwarara
Waliokwambia nusu siku wanawaza kuchomelea chuma nyuma wakuchukulie pesa uondoke. Waliokwambia haiwezekani wamekataa kufikiri. Canter ina chesisi ya reli mbili, gari ya mzigo, kufunga kuna pa kufunga. Ila kuna kanuni zake. Reli ya chesisi ina ubavu (ule ukuta uliosimama) na ina midomo ya juu na ya chini. Unatoboa ubavu tu. Midomo usiiguse kwa drili wala kwa moto, ndiyo inayobeba mvutano gari ikipinda na tundu moja hapo ndipo ufa unapoanza. Bolti ziwe ngumu, zimeandikwa 8.8 kichwani, sio zile za dukani hazina maandishi. Nyuma ya ubavu weka sahani ya chuma nene ili nguvu isambae, na nati za kujifunga zenye plastiki ndani. Na kabla ya yote tupia picha ya nyuma ya chesisi tuone inaishia wapi, manake nyumba hizi mara nyingi bodi linapita chesisi kwa mita nzima na hapo hakuna chuma cha kushika kitu.

Ummu Yusra
Mnaongelea chesisi hamjaongelea Vitz. Baba Nasra, otomatiki haikokotwi magurudumu yakiwa chini! Kaka yangu Corolla yake iliharibika Kitogani ikavutwa kwa kamba mpaka mjini, injini ilikuwa na kosa dogo tu, wamefika mjini na giaboksi imekufa. Gharama ya giaboksi ikapita thamani ya lile kosa mara nyingi.

Kijana wa Amani
Dada hiyo giaboksi ilikuwa imeshachoka. Mie nimevutwa na otomatiki kutoka Mahonda, nikaweka N (gia huru), mpaka leo gari inatembea. N ni N, gia hazishiki kitu.

Ummu Yusra
Mahonda ni karibu na ulikuwa ukienda pole pole. Mwenzako anataka bara mpaka Tanga mwendo wa barabara kuu. Sio sawa.

Fundi Kwarara
Ummu Yusra yuko sawa na sababu yake ni hii. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna pampu ya mafuta, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala, lakini magurudumu yanazunguka na yanazungusha vyuma vya upande wa kutokea. Vyuma vinasuguana bila mafuta kuletwa. Umbali mfupi kwa mwendo mdogo unaweza kunusurika, ndo maana Kijana wa Amani hakuona kitu. Masafa marefu inaungua. Manyuali ni hadithi nyengine, nyingi zake gia zinajirushia mafuta zenyewe zikizunguka ndani ya giaboksi, ila na hizo uangalie kitabu cha gari maana sio zote.

Mbali na Kwetu
Salaam kutoka Uingereza, mie mtu wa Ng'ambo ya Unguja nimehamia huku zamani. Huku mambo haya ya kawaida, watu wazima wakistaafu wananunua nyumba ya magurudumu na kukokota kigari nyuma. Njia ziko tatu msizichanganye.

Ya mwanzo ni fremu ya pembe tatu, mfano wa herufi A, inafungwa mbele ya gari dogo na ncha yake, ile yenye kikombe, inakaa kwenye mpira wa toubaa, yaani tufe la chuma, magurudumu manne chini. Ya pili ni kitoroli cha magurudumu mawili, unapandisha magurudumu ya mbele ya gari, ya nyuma yanabaki chini. Vitz inaendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo kitoroli kinaiokoa giaboksi, yale yanayoendesha yako juu hayazunguki. Ya tatu ni trela kamili, gari zima juu, hakuna kinachozunguka, lakini uzito unaongezeka na trela lenyewe utaliweka wapi ukifika kambini.

Mpira wa huku una kipenyo cha milimita 50. Wa Kimarekani wa inchi mbili ni 50.8, mtu anaona ni sawasawa, sio sawa. Kikombe cha inchi mbili juu ya mpira wa 50 kinacheza na kwenye tuta kinaweza kuruka, na kikombe cha 50 juu ya mpira wa inchi mbili hakifungi vizuri. Pima kwa kalipa usipime kwa jicho. Urefu wa mpira kutoka chini huku unatakiwa uwe kati ya milimita 350 na 420, na Canter yako reli ziko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo utahitaji chuma cha kuteremsha. Hicho kinaongeza msokoto kwenye reli. Fundi Kwarara atanisahihisha.

Fundi Kwarara
Hapana haja ya kusahihisha, ndivyo. Mpira ukishushwa chini ya reli, kila ukifunga breki gari la nyuma linausukuma mpira mbele kule chini na chuma kinataka kupindua reli. Ndo maana weka mikono miwili ya kuegemeza kutoka kwenye chuma cha kushuka kwenda mbele kwenye reli, mshazari. Bila hiyo mikono bolti zitalegea hata ukazikaza vipi.

Mpemba wa Konde
Karibuni Pemba lakini nna maneno. Pemba sio Unguja, ardhi yetu milima na mabonde, ukitoka Chake kuja Wete kwa barabara ya zamani ni kona na mteremko, mteremko na kona. Canter yenye nyumba na maji, na Vitz ya tani moja nyuma inayokusukuma bila breki yake, unashuka nayo vipi? Na jengine, mlango wa meli. Wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, meli ikiwa chini ule mlango unalala mkali, gari yenye mkia mrefu inakwangua chini. Nimeona basi limekaa tumbo pale. Toubaa iliyoshushwa ndo itakayogusa mwanzo.

Baba Nasra
Ahsanteni sana wote. Hilo la mlango wa meli halikunipitia. Lakini si tutazifungua tukifika bandarini, kila gari ipande peke yake?

Mpemba wa Konde
Vitz utaifungua ndiyo. Toubaa utaifungua? Kama ni ya bolti za kuchomoa, sawa.

Shangani Kwetu
Mbali na Kwetu, suali. Hiyo ya magurudumu manne chini, kurudi nyuma unarudije? Manake njia za Jambiani ndani ndani huko ukikutana na gari ya mchanga mmoja lazima arudi.

Mbali na Kwetu
Hurudi. Mita chache tu kwa mstari ulionyooka na basi. Magurudumu ya mbele ya gari linalokokotwa yako huru, yanajigeuza kufuata mvuto ukienda mbele. Ukirudi nyuma yanapinduka mpaka mwisho wa stelingi, upande wowote, halafu yanaburuzika, ukilazimisha unapinda fremu au unavunja mkono wa stelingi. Watu wanafungua gari, wanarudi, wanafunga tena. Kitoroli nacho ni kigumu kurudi nacho. Trela kamili ndo linarudi ukishajifunza.

Shangani Kwetu
Basi Baba Nasra ushapata jawabu lako. Siku ya Mwaka Kogwa uingie Makunduchi na treni hiyo, utatoka mwezi unaofuata.

Baba Nasra
Haha Shangani, Mwaka Kogwa naingia usiku wa kuamkia, watu hawajafika. Kufungua na kufunga ni dakika ngapi kwani?

Mbali na Kwetu
Ukizowea dakika kumi hivi ukiwa na msaidizi. Lakini usisahau ufunguo uwe kwenye nafasi inayofungua stelingi, ukiutoa usukani unajifunga na tairi za mbele zitaburuzwa kila kona. Na ukiuacha hapo safari nzima betri ya gari dogo inakwisha, kwa hiyo chomoa fyuzi za redio na feni.

Waya Mwekundu
Naona mafundi chuma mmejaa, mie wa umeme. Hakuna aliyeuliza volti! Canter hizi nyingi ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Vitz ni 12. Ukivuta waya wa taa ya breki kutoka Canter ukaunga kwenye taa za Vitz, balbu zote zinapasuka siku hiyo hiyo na Mungu akulinde na kompyuta ya gari. Unahitaji kipunguza volti, kutoka 24 kwenda 12, chenye ampea za kutosha. Plagi ya pini 7 rangi zake kwa mpango wa Ulaya wa volti 12: manjano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe athi (waya wa kurudi kwenye betri), kahawia taa ndogo ya kulia, nyeusi taa ndogo ya kushoto, buluu taa ya ukungu. Athi ndo ugonjwa wa huku kwetu, chumvi ya bahari inakula, unaona ukiwasha indiketa taa zote zinapepesa, tatizo ni athi hiyo. Jaza grisi ndani ya plagi.

Chuma Saateni
Waya, mbona unamsumbua bure na kipunguza volti. Tengeneza ubao wa taa, weka taa za balbu za 24, uning'inize nyuma ya Vitz, waya unapita juu au chini, taa za Vitz usiziguse kabisa. Rahisi na hakuna kompyuta inayoguswa.

Waya Mwekundu
Ubao ni sawa mpaka upepo uuchukue. Ila nakubali ni salama kwa kompyuta. Kuna taa za LED pia zinazokubali kuanzia volti 10 mpaka 30, hizo mie ningezichagua.

Chuma Saateni
Na hapo hapo nimwambie Fundi Kwarara, bolti bolti bolti. Welda nzuri ina nguvu kuliko bolti. Bodi zote za gari za shamba mnazopanda hapa, daladala za njia namba 116 na 309, zimechomelewa na zinabeba watu, magunia na ndizi. Bolti inalegea, welda hailegei.

Fundi Kwarara
Chuma, bodi limechomelewa, chesisi imechomelewa wapi? Bodi linakaa juu ya chesisi kwa bolti za mkono, nenda kaangalie. Moto unabadilisha chuma pembeni ya mshono, pale pembeni ndipo panapopasuka, sio kwenye mshono wenyewe. Na ukichomelea karibu na tangi la mafuta bila kulitoa na bila kuchomoa betri, unatafuta msiba. Bolti ikilegea utaiona na utaikaza, ufa hauuoni mpaka umeachana na Vitz njiani.

Chuma Saateni
Ufa unauona ukiwa na macho. Mie nimeurefusha mkia wa chesisi za watu wengi na hakuna aliyerudi kulalamika.

Baba Nasra
Sasa mmenitia wasiwasi. Nimepiga picha nimeziweka. Kweli chesisi imerefushwa nyuma, aliyenijengea bodi aliunga reli kwa kuchomelea kama sentimita 90. Na tangi la maji liko nyuma kabisa chini ya kitanda.

Fundi Kwarara
Toubaa haifungwi kwenye kiungo hicho. Wallahi usimruhusu mtu. Reli ya asili inaishia pale kwenye boriti ya mwisho ya kiwandani, toubaa lazima ifike pale, chuma kirefu kipite chini ya kiungo kikashike reli ya asili kwa bolti zisizopungua nne kila upande. Kiungo kibebe kitanda tu.

Maalim Hesabu
Niongeze kidogo kwenye la mkia. Uzito ukining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma haubaki ulivyo. Tuseme ekseli mbili ziko mita 3.4 mbalimbali na mpira uko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Trela likibonyeza mpira kwa kilo 80, unafanya 80 mara 2 gawa kwa 3.4, unapata kilo 47. Hizo 47 zinaondoka kwenye ekseli ya mbele, na ya nyuma inapata 80 jumlisha 47, yaani 127. Kisha tangi lake la lita 200 ni kilo 200 nalo liko mkiani hapo hapo. Mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea, breki za mbele hazishiki. Hamisha tangi kati ya ekseli kabla hujafikiri toubaa.

Mbali na Kwetu
Maalim hesabu sahihi ila hiyo ni ya trela na ya kitoroli. Gari la magurudumu manne chini linajibeba lenyewe, mpira haubonyezwi karibu na chochote, ni uzito wa fremu tu. Hilo ndo sifa yake kubwa.

Maalim Hesabu
Sawa, nimekubali kwa gari kusimama au kwenda taratibu. Kwenye breki Fundi keshaeleza kinachotokea. Na la tangi liko pale pale.

Mpemba wa Konde
Suali langu la breki mmelikimbia.

Mbali na Kwetu
Halikimbiwi. Sheria ya huku, gari dogo likiwa kwenye fremu linahesabiwa trela, na trela la zaidi ya kilo 750 lazima liwe na breki zinazofanya kazi. Vitz iko karibu tani moja, imeshapita. Kwa hiyo watu wanafunga waya unaovuta pedali: gari la mbele likipunguza mwendo, la nyuma linasukuma kichwa cha fremu, kichwa kinarudi ndani na kuvuta waya, waya unavuta pedali. Ila injini ya gari dogo imezimwa, sevo (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki) haina mvuto wa hewa, pedali inakuwa ngumu. Ndo maana wengine wanaongeza pampu ya umeme ya kutengeneza mvuto huo. Na kuna waya wa pili wa dharura, fremu ikichomoka unavuta breki gari lisimame lenyewe. Uhispania hata na yote hayo trafiki wao hawaitaki fremu.

Kijana wa Amani
Mbona huku gari bovu zinavutwa kila siku kwa kamba na chuma hakuna breki wala waya? Mnamtisha mtu.

Ummu Yusra
Gari bovu linavutwa na mtu ndani anakanyaga breki. Hii haina mtu.

Karafuu Mbichi
Mie naona mmezunguka sana. Nunua Vespa ya zamani, ipakie nyuma kwenye rafu, mkate unaletwa na Vespa. Babu zetu wameendesha Vespa mji huu mzima.

Maalim Hesabu
Na Vespa yenyewe kilo mia na ushei, iko mkiani, rudi kwenye hesabu yangu.

Baba Nasra
Na bi mkubwa ana miaka 74, simpakii kwenye Vespa kumpeleka dispensari. Yeye ndo sababu ya yote haya.

Karafuu Mbichi
Mungu ampe afya. Basi Vespa tumeifuta.

Baba Nasra
Ameen. Sasa kuna jamaa Fuoni anauza Suzuki Carry, manyuali, inaendeshwa na magurudumu ya nyuma. Nyepesi kuliko Vitz, mama anaingia bila tabu. Nikiikokota hiyo magurudumu manne chini giaboksi itapona?

Fundi Kwarara
Itapona zaidi kuliko Vitz. Ukitaka kulala usingizi kabisa, fungua propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) kwenye difu, bolti nne, ifunge na waya pembeni isining'inie, hapo giaboksi haizungushwi na chochote. Lakini kwa safari fupi za Unguja hutofungua kila siku, utaiacha N.

Chuma Saateni
Propela akiifungua na kuifunga kila kambi, bolti zitaisha meno mwaka huo huo. Kwa safari fupi aiache N, ila kwanza aangalie kitabu cha gari.

Mbali na Kwetu
Carry ipime kwenye mzani kabla hujalipa. Ikiwa tupu iko chini ya 750 mambo ya breki yanakuwa mepesi, lakini ukiijaza majembe na majiko imerudi pale pale. Na kwa kitoroli Carry haifai ukipandisha mbele, kwa sababu nyuma ndo kunakoendesha, utakuwa umerudia kosa la Vitz kinyume chake.

Mpemba wa Konde
Hata ikiwa 700, kwenye mteremko mie nataka breki.

Ummu Yusra
Na bima. Kaiambie kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba umefunga toubaa na unakokota, kabla ya safari. Likitokea la kutokea ndo swali lao la mwanzo.

Shangani Kwetu
Hii nakubali. Na mie nimeshawishika kidogo, Baba Nasra ukimaliza nataka kuiona.

Baba Nasra
Ahsanteni sana. Tangi nalihamisha wiki hii. Kesho nakwenda Fuoni kuitazama Carry. Fundi Kwarara, reli za asili zina kutu pale kwenye boriti ya mwisho, nimekwangua na bisibisi zinatoka magamba. Chuma Saateni ananambia kwa simu nikate kipande niweke kipya.

Fundi Kwarara
Usikate kitu. Gonga na nyundo ndogo usikilize, penye chuma kizima panalia, palipooza panajibu butu. Kisha pima unene wa ubavu kwenye tundu la zamani na ulinganishe na katikati ya gari ambako kutu haijala. Lete vipimo hapa.

Chuma Saateni
Nyundo haipimi. Ilete huku Saateni tuitie kwenye jeki.

Waya Mwekundu
Na ukishakwangua usiiache usiku mmoja bila rangi ya kuzuia kutu, hewa hii ya pwani haisubiri. Mumo umo ndani ya reli pia, sio nje tu.

Baba Nasra
Vipimo naleta jioni.